Kiwiko cha Sajenti

Jina lake lilikuwa Madam. Usidhani ni cheo, wala utani wa mtaani. Ndilo jina alilobatizwa nalo, Madam Chisolm, na aliyempa ni baba yake, Sajenti Prince Chisolm, mtu mweusi mfupi mwenye kifua kipana, aliyerudi kutoka vitani na koti la buluu, risasi moja pajani, na kiburi ambacho mji mzima wa Tolliver haukujua ukifanye nini.

Maana pale Tolliver, South Carolina, neno hilo lilikuwa na wenyewe. Kila msichana wa Kizungu aliyeolewa juzi, hata maziwa hayajamkauka mdomoni, aliitwa Madam. Mwanamke mweusi, hata awe na vitukuu, aliitwa kwa jina tupu, au "Shangazi" siku wakijisikia wema. Na wanaume weusi wakizeeka waliitwa "Mjomba." Mjomba! Mjomba wa nani, jamani? Dada yake yupi alizaa nao? Lakini ndivyo walivyofanya ili ulimi usije ukateleza ukasema "Bwana." Sajenti alipotoka jeshini alimkuta mama yake, Bi Binah, amesimama dukani, kichwa cheupe kabisa, akiambiwa na kabinti fulani, "Shangazi, hebu sogea huko." Hakusema kitu. Vita vilikuwa vimekwisha na hasira ndiyo kwanza zinaanza, na mtu aliweza kuuawa kwa kusema kitu. Ila mkewe alipojifungua mtoto wa kike, alimbeba mpaka kanisani akamwambia mchungaji, "Mbatize Madam."

Mchungaji akakohoa. "Sajenti, hilo si jina."

"Litakuwa jina ukishalimwagia maji."

Basi hapo ndipo Wazungu wa Tolliver waliponasa. Heshima hawakutaka kumpa, kwa hiyo walimwita kwa jina tupu, na jina tupu lenyewe ndilo hilo, Madam! Wengine walijaribu kumwita Maddy. Hakugeuka. Ungeita Maddy mpaka koo likukauke, yeye anakatakata zake vitunguu. Miaka ikapita, masikio yao yakazoea, wakawa wanalitamka bila kulisikia, kama mtu anavyomwita ng'ombe wake. Yeye alilisikia kila mara. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, mpishi ambaye mjini hapakuwa na wa kumfikia, na kila akiitwa alicheka kimoyomoyo.

Sasa, mwaka ule wa 1911, ilikuwa imetimia nusu karne tangu vita vilipoanza, vile vya Kusini kutaka kujitenga ili waendelee kutumikisha watu, na Kaskazini kusema nchi haigawanyiki. Wakubwa wa Tolliver wakaamua kufanya Siku ya Umoja. Wazee waliopigana upande wa Kaskazini wangekuja kwa treni kutoka Massachusetts na makoti yao ya buluu. Wazee wa Tolliver wangetoka na makoti yao ya kijivu. Wangesimama wawili wawili mbele ya mahakama, chini ya ile sanamu ya askari wa kijivu, wapeane mikono, wapigwe picha, magazeti yaandike kwamba taifa limepona. Chakula cha mchana kingekuwa kwenye baraza ya hoteli, na wa kukipika alikuwa Madam, maana hakuna aliyetaka wageni wale waondoke na njaa.

Na weusi waliopigana? Mji ule ulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa amevaa buluu, aliyezaliwa palepale, aliyezikiwa kitovu palepale. Wala hakuulizwa.

Yaani, aliulizwa. Ngoja nikuambie alivyoulizwa.

Jaji Tolliver, mwenyekiti wa shughuli yote, mtu ambaye hata mji uliitwa kwa jina la babu yake, alikuja mpaka jikoni kwa Madam kwa mlango wa nyuma, kofia kichwani.

"Madam," akasema, "yule Mjomba Prince bado yu hai?"

"Yu hai, bwana. Anakohoa, lakini yu hai."

"Vizuri sana. Tumemkumbuka." Akatoa mfukoni utepe mpana mwekundu wenye maneno ya dhahabu: MTUMISHI MWAMINIFU. "Si alikwenda vitani na ami yangu Lucius? Si ndiye aliyempikia na kumshikia farasi? Basi apite nyuma ya wazee wetu, avae huu. Watu watafurahi."

Madam alifuta mikono kwa aproni, taratibu. "Alikwenda na Bwana Lucius mwanzoni, ni kweli. Alikuwa mtumwa, hakuwa na hiari. Kisha akatoroka, akarudi na bunduki."

"Hayo ya zamani, Madam. Hii ni siku ya umoja."

"Na koti lake, bwana?"

"Koti lipi?"

"La buluu."

Jaji akatabasamu kwa meno tu. "Nchi imepona, Madam. Mtu hachokonoi kidonda kilichopona. Aje na utepe, au abaki nyumbani apumzike. Akitokeza na hilo koti, polisi watamwondoa mbele za watu, na mimi sitaweza kumsaidia. Na ule ukumbi wenu wa mazishi na mikutano, pale pembeni ya kanisa, mnakumbuka umejengwa kwenye ardhi ya nani, sivyo?"

"Tunakumbuka, bwana."

Akaondoka. Venus, rafiki yake wa jikoni, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo, akashika kiuno. "Umoja! Umoja wa kwao na kwao. Wamepigana wenyewe, wanasameheana wenyewe, na sisi waliokuwa wanatugombania tupike wali."

"Koroga supu, Venus."

"Nakoroga. Lakini ningekuwa na pilipili ya kutosha..."

"Koroga supu."

Jioni Madam alimkuta baba yake barazani, koti limelazwa magotini, anang'arisha vifungo vya shaba kwa majivu na kitambaa. Mzee alikuwa amekonda mno. Kikohozi kilimwanza majira ya baridi na hakikutaka kutoka. Madam alimpa utepe. Sajenti aliusoma, akausoma tena, kisha akaanza kucheka.

"Mwaminifu! Mimi! Mwanangu, mimi niliiba mtumbwi wao! Niliiba na nyama ya nguruwe, nikaiba na blanketi la Lucius lenyewe, usiku wa baridi, nikapiga kasia mpaka kwenye manowari za Kaskazini. Mtumishi mwizi, hapo sawa!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, Madam akamshika mgongo. Kilipomwachia akainuka, akakongoja hadi kwa nyumbu wao, yule ambaye alikuwa amempiga teke kila mtu wa ukoo pamoja na mchungaji, akamfunga utepe shingoni. "Haya, mwaminifu. Umepata cheo."

Kisha akakaa, na cheko likamtoka usoni.

"Sikiliza, mama. Mimi masika mengine siyaoni. Usinikatize, najua kifua changu. Jambo langu ni moja tu. Nataka nisimame pale mbele ya mahakama, na koti langu, mtu wa kijivu aniite sajenti. Basi. Hawajawahi kuniita, hata siku moja, tangu vita viishe. Nimekuwa Prince, nimekuwa Mjomba, nimekuwa 'wewe.' Nilipewa cheo kile na damu inanitoka. Nikiitwa mara moja, nitakwenda kulala bila kinyongo."

"Watakuumiza, Baba."

"Wataumiza nini? Kilichobaki ni mifupa na vifungo."

Madam alimtazama. Alijua akimkataza atakwenda peke yake, na polisi watamburuta uwanjani mbele ya mji mzima, na hiyo ndiyo itakuwa siku yake ya mwisho. Aliogopa hivyo kuliko alivyoogopa kufa yeye.

"Vaa koti lako," akasema. "Lakini ukae nyuma ya kanisa. Usitoke mpaka nikuite."

"Una mpango?"

"Mpango sina. Nina jiko."

Siku yenyewe jua lilitoka zuri, na mji ulikuwa umejaa bendera. Wageni walishuka kwenye treni wakiwa wazee wa fimbo na ndevu, makoti ya buluu yamewabana wengine tumboni na wengine yakiwapwaya. Wakaketishwa kwenye baraza ya hoteli, wakitazamana na wazee wa kijivu. Mwanzoni walioneana aibu. Watu hawa walikuwa wamepigana risasi, sasa wanaombana chumvi. Ndipo Madam alipoachilia chakula. Supu ya kaa. Wali mwekundu wenye kamba. Bamia, nyama ya nguruwe ya moshi, mkate wa mahindi, na biskuti za ufuta, ule ufuta ambao mababu zetu walikuja nao kutoka ng'ambo ya bahari. Baada ya sahani ya pili walikuwa wanapigana mabega na kupeana tumbaku. Waandishi wa magazeti waliandika kila cheko.

Jaji Tolliver akajaa raha. Mkubwa wa wageni, Kapteni Whitcomb, mzee mrefu kama mlingoti, alikuwa ameuliza mara mbili ni nani aliyepika. Basi Jaji akageukia mlango wa jiko, akaita kwa sauti kubwa, kama alivyoita siku zote:

"Madam! Hebu njoo hapa, Madam!"

Viti vikakwaruza sakafu. Wazee wa buluu wote walisimama. Kofia zikavuliwa. Madam anatokeza mlangoni na aproni yake, anakuta safu ya wazee wa Kizungu wamesimama wima kwa heshima yake, na mmoja anamvutia kiti. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Wale wa kijivu walibaki wamekaa, vijiko hewani, macho yamewatoka.

Kapteni Whitcomb akainua glasi yake ya maji ya limau.

"Mabwana," akasema, na sauti ilimtetemeka kweli, "nyumbani tunaambiwa kwamba Kusini hapajabadilika. Kumbe tunadanganywa! Leo nimesikia kwa masikio yangu jaji wa South Carolina, mtoto wa ukoo mkubwa, akimwita mwanamke mweusi Madam. Tena mbele ya wageni! Sikutegemea kuyasikia haya kabla sijafa. Kwa afya yako, Jaji. Na yako, Madam."

Wakanywa. Mwandishi mmoja aliandika mbiombio mpaka risasi ya penseli ikakatika. Jaji Tolliver alikuwa amekuwa mwekundu kuliko ule wali.

"Kapteni, hapana, samahani. Umeelewa vibaya. Ni jina lake."

"Jina la nani?"

"Lake huyu. Anaitwa Madam. Ni jina tu, kama vile... kama jina lolote."

Mzee mmoja wa kijivu akapaliwa kwa kicheko. Kapteni akamgeukia Madam, ameduwaa. "Kweli?"

"Kweli, bwana. Nilibatizwa hivyo."

"Sijawahi kusikia. Nani alikupa jina la namna hiyo?"

Madam aliona Jaji akitikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemzuia mbwa. Angeweza kusema, ni wazazi tu, bwana, karibuni pai ya viazi vitamu, na ukumbi ungebaki, na kazi ingebaki, na yeye angerudi jikoni. Na kule nyuma ya kanisa mzee angengoja mpaka achoke, kisha atoke mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Baba yangu, bwana. Sajenti Prince Chisolm, wa kikosi cha weusi, jeshi la Kaskazini. Alisema amepigania nchi nzima, basi na binti yake apewe japo neno moja la heshima, wakitaka wasitake."

Kapteni akaitua glasi yake.

"Alifariki lini?" Kapteni akauliza kwa upole.

"Hajafariki. Yuko nyuma ya lile kanisa pale, mnara wake unaonekana. Amevaa koti lake. Hakualikwa."

Sasa usije ukamsifu sana huyu Kapteni Whitcomb. Alikuwa amepanda treni, amevuka majimbo kadha wa kadha kuja kusherehekea umoja, na njia nzima hakuuliza hata mara moja, je, wale weusi tuliopigana pamoja nao wako wapi? Nusu karne hakuuliza. Lakini aibu ilipomshika, ilimshika sawasawa. Akaweka kitambaa mezani.

"Jaji," akasema, "sisi tumepungua mmoja. Mwenzetu Ames alikufa wakati wa baridi. Nilikuwa najiuliza yule mzee wenu wa mwisho atapeana mkono na nani."

Kule mwisho wa meza alikuwa ameketi Lucius Tolliver mwenyewe, ami yake Jaji, bwana wa zamani wa Sajenti, masikio mazito na mdomo umejaa wali. "Nini? Nani hana mwenzake?"

"Wewe, ami," Jaji akasema kwa taabu.

"Basi niletewe! Nimevaa hili koti la moto tangu asubuhi!"

Watu wakacheka, waandishi wakacheka, na Jaji akabaki ameshikwa. Angesema nini, na penseli zote zile zinamngoja? Angesema, hapana, huyu askari wenu haruhusiwi kwenye umoja wetu? "Bila shaka," akasema. "Bila shaka."

Madam hakungoja alimalize neno la pili. Alikuwa ameshateremka ngazi, aproni na yote.

Alipita uwanja kando ya kamba iliyofungwa ili watu weusi wasimame nyuma yake, na Venus, aliyekuwa ameshatoka jikoni, akamwona uso wake, akaelewa, akaanza kupiga makofi polepole, mpaka kamba nzima ikawa inapiga makofi kabla mtu hajajua sababu. Kisha Sajenti akatokeza pembeni ya kanisa. Koti lilimpwaya mabegani. Vifungo viliwaka. Alikuwa ameiacha fimbo yake ukutani. Binti yake alitaka kumshika mkono, akamwondoa taratibu.

"Sajenti hashikwi mkono, mama. Nitakwenda."

Akaenda. Mguu wa risasi ulimvuta, lakini akaenda, uwanja wote, mbele ya polisi wawili waliokuwa wanamtazama Jaji ili wajue wafanye nini, na Jaji alikuwa anatazama viatu vyake. Madam alibaki ukingoni. Ndani yake alisema, usikohoe, Baba. Chonde, usikohoe sasa.

Wazee walikuwa wameshateremka kutoka barazani mpaka mbele ya mahakama, na mpiga picha kutoka Charleston akawapanga wawili wawili, mabega yamegeukia kamera, buluu na kijivu, buluu na kijivu. Kule mwisho kabisa wa safu, Prince Chisolm akasimama mbele ya Lucius Tolliver. Walizaliwa mwaka mmoja, shamba moja, mmoja ndani ya nyumba na mwingine nyuma yake. Walivua samaki pamoja wakiwa wadogo. Tangu ule usiku wa mtumbwi hawakuwahi kusimama karibu namna ile.

"Haya wazee, mikono!" mpiga picha akaita, akaingiza kichwa chini ya kitambaa chake cheusi.

Mikono ikatolewa safu nzima. Lucius naye akautoa wake, akasema kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia, "Haya, Prince."

Sajenti hakuutoa wake.

Uwanja mzima uliona. Mikono mingine yote imeshikana, huu mmoja unaning'inia hewani peke yake. Polisi mmoja akasogea.

"Nani?" akauliza Sajenti.

"Prince. Hunijui? Mimi Lucius."

"Nakujua sana, Lucius. Ulitoka vitani na cheo gani?"

"Eh?"

"Cheo! Ulitoka na cheo gani?"

Mzee Lucius akakunja uso. Hilo ni swali ambalo askari yeyote huweza kulijibu hata usingizini. "Koplo," akasema. "Koplo Tolliver, wapanda farasi."

"Mimi nilitoka sajenti."

Alinyoosha mgongo tu, visigino vikagonga, akamtazama machoni, akangoja. Kamba nzima ya watu weusi haikupumua. Na usoni kwa Lucius likapita jambo ambalo mpaka leo watu wanabishana nalo. Wengine husema ilikuwa dhamiri. Mimi nasema ilikuwa mazoea tu. Yule mzee alikuwa amepigiwa kelele na masajenti ujana wake wote, na mwili ukajibu kabla kichwa hakijaulizwa. Visigino vyake vikakutana. Mkono uliokuwa unaning'inia ukapanda wenyewe mpaka ukingoni mwa kofia.

"Sajenti," akasema Koplo Tolliver.

Na Sajenti Chisolm akaijibu ile saluti, kiwiko juu, sawasawa, kama siku aliyofundishwa. Mpiga picha, asiyeona wala kusikia vizuri kule chini ya kitambaa, alidhani amri imetolewa. Akafyatua.

Hapo kamba ya weusi ikalipuka. Venus alirusha kofia ya mtu ambayo mpaka leo haijapatikana. Madam alilia waziwazi na unga wake mikononi, akajipaka usoni, wala hakujali. Kisha wazee wawili wale wakapeana mikono, kwa ufupi, kama watu wanaomaliza kazi. Kikohozi ndipo kilipomkamata Sajenti, lakini sasa kilikuwa ruksa.

Gazeti lilitoka juma lililofuata. KASKAZINI NA KUSINI NI KITU KIMOJA, ndivyo kilivyosema kichwa cha habari, na picha ikajaza ukurasa wa mbele. Venus alilileta mbio, Madam akalitandaza mezani, akatafuta mwisho wa safu. Baba hayupo. Walikuwa wameikata picha. Tena, ili wamtoe Sajenti aliyesimama upande wa ndani, iliwabidi wamtoe na Lucius aliyesimama upande wa nje. Mzee Lucius alisimama mbele ya duka la dawa na gazeti mkononi, akimfokea Jaji barabarani, "Mimi niko wapi? Nilivaa lile koti kutwa nzima! Niko wapi?" Usidhani Lucius alibadilika, maana hakubadilika. Wiki ileile alikutana na Sajenti njiani akatazama pembeni. Alitaka picha yake tu.

Na malipo yalikuja, kama tulivyojua yatakuja. Kabla ya kiangazi kwisha tuliambiwa tuondoe ukumbi kwenye ardhi ya Jaji. Tukaung'oa ubao kwa ubao, wanaume, wanawake na watoto, tukausimamisha kwenye kiwanja cha Venus, na uko pale mpaka sasa, umeinama kidogo upande mmoja. Nyumba za Wazungu zikaacha kumwita Madam kupika. Zikajikaza mpaka Krismasi ilipokaribia, zikakumbuka pai. Walipokuja mlangoni kwake walimwita Maddy. Hakugeuka. Wakasimama kwenye baridi mpaka wakalisema jina lake.

Sajenti alikwenda zake majani yalipoanza kudondoka, kitandani kwake, usingizini. Tulimzika kwa ngoma, tukaweka juu ya kaburi kikombe chake cha mwisho na kijiko chake, kama desturi yetu ilivyo. Koti alikwenda nalo.

Lakini gazeti Madam alilitia kwenye fremu, akalitundika sebuleni, palepale mtu anapoingia. Wageni walishangaa. Walimwambia, wewe mwanamke, unatundikaje uongo ukutani? Watoto wa mtaani nao waliuliza, na hao ndio aliowajibu kwa raha. Aliwainua mmoja mmoja mpaka usawa wa kioo, akawaonyesha ule ukingo wa kulia. Maana waliokata walikuwa na haraka, na mzee wa kijivu aliyefuata kwenye safu, baba yake meya, alikuwa amesimama karibu mno. Wangekata zaidi wangempunguza sikio. Kwa hiyo pale ukingoni, juu ya bega la baba yake meya, kulibaki kitu cheusi kilichochongoka.

"Hicho nini, Madam?" watoto wakauliza.

"Kiwiko. Kiwiko cha Sajenti Chisolm."

"Mbona kimepanda juu hivyo?"

"Anajibu saluti."

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyempigia. Saluti haijibiwi mpaka mwenzako aanze."